UZI: David Ndii, mwandishi aliyetaka Kenya ipeane talaka. Kalamu yake ilianzia wapi, ikaishia wapi, na sisi wa Pwani ilituacha wapi

#1 Mleta uzi, Likoni

Wadau salaam.

Kila siasa za Kenya zikichacha lazima mtu afukue ile makala ya David Ndii ya Machi 2016 aitupe kwenye magrupu ya WhatsApp, watu waanze kurushiana maneno, huyu amuite nabii yule amuite msaliti, na ukiwauliza bwana mwenyewe alitokea wapi na alikuwa anadai nini hasa, kimya. Mimi ni mtu wa Likoni. Mambo ya kujitenga huku kwetu si stori za kupitisha jioni, kuna watu wamelala ndani kwa ajili yake, kwa hivyo nitaandika kwa urefu na mwenye la kuongeza aongeze.

Kwanza mjue Ndii ni mchumi kabla hajawa mwandishi. Amesoma Chuo Kikuu cha Nairobi, akaenda Oxford kwa udhamini wa Rhodes. Miaka ya tisini ni mmoja wa walioanzisha Institute of Economic Affairs pale Nairobi, wakati Moi bado yuko na kuichambua bajeti ya serikali hadharani haikuwa kazi ya mtu mwoga. Muungano wa NARC ulipoingia madarakani mwishoni mwa 2002 alikuwa miongoni mwa wataalamu walioandika ule mkakati wa kufufua uchumi wa Kibaki. Yaani ni mtu aliyeijua serikali kutoka ndani zamani, si mtu wa kupiga kelele nje ya geti.

Safu yake ya Saturday Nation ndo iliyomfanya ajulikane hadi vibandani. Wachambuzi wengi wakati ule walikuwa wanaandika nani kala chakula na nani, kabila gani litaungana na lipi 2017. Yeye alikuja na hesabu. Serikali ilipokopa zile dola bilioni 2 za Eurobond Juni 2014 yeye ni miongoni mwa waliong'ang'ana wakiuliza pesa ziliingia akaunti gani na zikajenga nini. SGR vilevile, reli ya shilingi bilioni 327 kutoka Mombasa hadi Nairobi, sehemu kubwa mkopo wa benki ya Exim ya China, Ndii akasema mapema hesabu haziingiani, mzigo utakaobebwa hautalipa deni. Sisi watu wa bandarini tulikuwa twamsoma kwa hilo, hatukuwa twamsoma kwa ajili ya Raila wala Uhuru.

Halafu tarehe 26 Machi 2016 akatoa ile yenyewe. Kichwa chake kwa Kiswahili ni hivi: Kenya ni ndoa ya ukatili, wakati umefika tuzungumzie talaka. Nilivyoielewa mimi, hoja yake ni kwamba mradi wa kujenga taifa la Kenya umeshindikana, ukabila umeushinda uraia, na kama watu hawawezi kukaa pamoja kwa haki basi wakae mezani waachane kwa amani. Na aliyeandika ni Mkikuyu, kwenye gazeti kubwa la nchi, wakati Ikulu kuna Mkikuyu mwenzake. Hapo ndo watu walishtuka. Maana hata hali ya gazeti lenyewe ilikuwa mbaya, Januari mwaka huohuo mhariri Denis Galava alikuwa ametimuliwa baada ya tahariri ya mwaka mpya iliyomkosoa Rais, na mchoraji wa katuni Gado naye mkataba wake haukuongezwa miezi hiyohiyo. Katikati ya moto huo makala ya talaka ikapita.

Kutoka hapo akaacha kuwa mwandishi tu. Akaingia kambi ya upinzani, NASA, akawa mtu wa mikakati. Uchaguzi wa tarehe 8 Agosti 2017 mnajua kilichotokea, Mahakama ya Juu ikaufuta tarehe 1 Septemba, marudio yakawa 26 Oktoba, Raila akasusia, Uhuru akatangazwa na asilimia 98 ya kura zilizopigwa huku sehemu kubwa ya nchi haijapiga. Sasa lile neno lililokuwa kwenye safu likawa barabarani. Ndii akapewa kuongoza kamati ya Bunge la Wananchi, jukwaa lililoundwa na NASA, mabunge ya kaunti kadhaa yakapitisha hoja ya kuliunga mkono. Mbunge Peter Kaluma wa Homa Bay Town akaandaa mswada wa kuigawa nchi. Huku kwetu Novemba 2017 gavana Hassan Joho wa Mombasa na Amason Kingi wa Kilifi wakasimama mbele ya kamera wakasema Pwani yataka kujitenga, na watachukua njia ya kisheria.

Tarehe 3 Desemba 2017 polisi wakamkamata Ndii hotelini Diani. Akahojiwa, mawakili wakajaa, mitandao ikawaka, akaachiliwa kwa dhamana.

Sasa nisimame hapo Diani kidogo, maana hapa ndo moyo wa uzi wangu.

Ukitoka Diani ukapanda matatu ya kuja Likoni, njiani unapita Kombani, pale njia panda ya kwenda Kwale mjini. Oktoba 2012 polisi walivamia hapo Kombani wakamkamata Omar Mwamnuadzi, mwenyekiti wa Mombasa Republican Council (MRC), na damu ikamwagika. MRC walikuwa wanasema nini? Pwani si Kenya. Basi. Walisema kwa Kiswahili na Kidigo, wakiwa na makubaliano ya 1895 ya Sultani na Waingereza mkononi, na yale ya Oktoba 1963 kati ya Kenyatta na Shamte waziri mkuu wa Zanzibar, yaliyoutia mwambao ndani ya Kenya bila mtu wa mwambao kuulizwa kwa kura. Serikali iliwapiga marufuku 2010, Mahakama Kuu ya Mombasa ikaifuta hiyo marufuku Julai 2012, na miezi mitatu baadaye wakavamiwa. Vijana wa Digoland walizungushwa mahakamani miaka, wengine kwa kosa la kula kiapo tu, wengine kwa kukutwa na fulana.

Hoja ni ileile. Barabara ni ileile. Mmoja aliiandika kwa Kiingereza cha Oxford ikaitwa mjadala wa kitaifa, mwingine akaisema barazani ikaitwa uhalifu.

Simchukii Ndii kwa hilo, hakujipa yeye hiyo nafasi. Lakini aliyepewa nafasi hiyo ana deni kwa wale wasiopewa, na ndo kinachoniuma nikitazama alikoelekea. Nitaendelea hapo chini, wacha kwanza niwasikie.

#2 Mchangiaji, Kisumu

Ndugu umeeleza vizuri lakini kuna kitu umekipita mbio. Huku kwetu 2017 haikuwa nadharia. Watoto wamepigwa risasi Kondele, Nyalenda, Obunga. Mtoto mchanga alipigwa rungu akafa, nchi nzima ilijua. Kwa hiyo ukisema Ndii alikuwa na mikakati, kwetu watu walimsikia kama mtu pekee aliyesema kwa sauti kile ambacho mama wa Nyalenda anakisema jikoni, kwamba kama kura yangu haihesabiki na mtoto wangu anauawa kwa kuuliza, mimi nabaki kwenye hii nchi kufanya nini.

Ila nami nina swali kwako. Ndii alitaka kujitenga kweli au alikuwa anatumia kujitenga kama fimbo ya kumtisha Uhuru aje mezani? Maana tarehe 9 Machi 2018 Raila alipopeana mkono na Uhuru pale Harambee House, ile nchi mpya iliyoitwa Jamhuri ya Watu, wote waliifunga kwenye droo siku moja. Sikuona mtu analia.

#3 Mchangiaji, Dar

Mkuu mleta uzi heshima kwako. Mi nimemjua Ndii kupitia Gado, na wengi hapa Bongo hawajui kwamba Gado ni Mtanzania, Godfrey Mwampembwa, mtoto wa Dar kabisa aliyechora Nation miaka na miaka.

Naomba kuuliza kiukweli kabisa, hivi huko Kenya kusema nchi igawanyike si uhaini? Maana huku kwetu hata kuuliza idadi ya serikali kwenye Muungano kuna kipindi watu walikuwa wanaongea kwa kuangalia mlango. Sheria ya Kenya inasemaje hasa? Au alikamatwa kwa kosa gani lingine?

#4 Mleta uzi, Likoni

Nianze na ndugu wa Dar maana swali lake ndo msingi.

Katiba ya Kenya ya 2010 ina kifungu cha 255. Kinataja mambo ambayo huwezi kuyabadilisha bila kura ya maoni, na mojawapo ni eneo la nchi. Ili kupita unahitaji wingi wa kawaida wa kura, na angalau asilimia 20 ya wapigakura walioandikishwa wajitokeze katika angalau nusu ya kaunti. Maana yake nini? Maana yake katiba yenyewe inakubali kwamba mipaka yaweza kuzungumzwa, kuandikiwa mswada, kupigiwa kampeni na kupigiwa kura. Kitu ambacho katiba imekiwekea utaratibu hakiwezi kuwa uhaini kukizungumza. Uhaini alioutaja Mwanasheria Mkuu Githu Muigai Desemba 2017 ulihusu kumwapisha Raila, hilo ni jambo jingine, na kiapo chenyewe kikaja kufanyika Uhuru Park tarehe 30 Januari 2018 huku tivii zimezimwa.

Ukitoka Kenya, Ethiopia katiba yao ya 1995 kifungu cha 39 inasema wazi mataifa yao yana haki ya kujitenga. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu nao kifungu cha 20 kinazipa jamii haki ya kujiamulia mambo yao, na watu wa NASA walikuwa wanakitaja sana 2017. Lakini hapo pana mtego ambao wengi hawautaji. Kuna kesi ya watu wa Katanga dhidi ya Zaire ambayo Tume ya Afrika iliiamua 1995. Katanga wanaifahamu hii habari ya kujitenga kuliko sisi sote, walijitangazia uhuru Julai 1960 chini ya Tshombe na ikazimwa Januari 1963. Tume ikasema kujiamulia mambo kwaweza kuwa uhuru kamili, au serikali ya majimbo, au utawala wa ndani, lakini bila ushahidi wa ukiukaji mkubwa wa haki kiasi cha kutia shaka mipaka ya nchi, na bila ushahidi kwamba watu wamenyimwa kushiriki serikalini, Katanga itafute haki yake ndani ya Zaire. Kwa hiyo mlango upo ila umefungwa kwa kufuli kubwa, na mwenye kutaka kuufungua alete ushahidi, si hasira.

Na ushahidi ndo kazi ya mwandishi. Hapo ndo nakuja kwa ndugu wa Kisumu. Kama alikuwa anatumia kama fimbo mimi sijui kilicho moyoni mwa mtu, ila nasoma kazi zake. Safu za 2014 na 2015 zilikuwa ushahidi, zilikuwa na hesabu ambayo hata adui yake alilazimika kuijibu. Alipoingia kwenye kamati ya chama ushahidi ukapungua, makataa na vitisho vikaongezeka. Mwandishi akishakuwa mtu wa mikakati anaandika ili upande wake ushinde wiki hii, na sisi wenye madai ya miaka mia tukawa kifungu kimoja ndani ya madai ya chama. Chama kilipopata kilichotaka, madai yakarudi kabatini pamoja na chama.

#5 Mchangiaji, Garissa

Asalaam aleikum wote. Naona mnaanzia 2016, wengine 2012. Sisi tunaanzia 1962.

Kabla ya uhuru Waingereza walituma tume NFD, yaani huku kaskazini mashariki, kuuliza watu wanataka nini, ikakuta Wasomali wengi wanataka kujiunga na Somalia. Jibu lilikuwa hapana. Vita ikaanza 1963 ikaenda hadi 1967, wakaita Shifta, maana yake majambazi, na ukishaitwa jambazi hakuna anayeuliza ulikuwa unadai nini. Mazungumzo yakaishia Arusha 1967 Kaunda akiwa msuluhishi, lakini sheria za hali ya hatari huku kwetu zilikaa hadi 1991. Baba yangu alihitaji kibali kutoka wilaya moja kwenda nyingine ndani ya nchi yake. Mauaji ya Wagalla kule Wajir yalitokea Februari 1984 katikati ya hizo sheria.

Kwa hiyo mimi nilipoisoma ile safu ya talaka sikushtuka, nilijiuliza tu huyu bwana anajua kwamba kuna watu walishaomba hiyo talaka zamani na wakapigwa miaka thelathini? Ndoa ina shahidi na ina kadhi, mke akidhulumiwa anajua aende mlango gani. Sisi tulioa au tuliolewa bila shahidi na tukienda kushtaki tunamkuta mume ndiye kadhi. Hilo ndo lilikuwa linakosekana kwenye ile makala kwa macho yangu. Aliandika kana kwamba wote tuliingia kwa hiari halafu mapenzi yakaisha.

#6 Mchangiaji, Thika

Bana nyinyi mnamwonea huyu mtu. Mimi ni wa Central, nilimkasirikia 2016 na 2017 vibaya sana, nilimwona amewauza watu wake. Lakini hebu tazameni baada ya hapo. 2018 handisheki ilipokuja yeye hakwenda kula. Alirudi kuandika, akawa kwenye jarida la mtandaoni la The Elephant. Na mkumbuke Machi mwaka huo waandishi wanane wa safu walijiuzulu Nation kwa pamoja wakisema uhuru wa kuandika umekwisha, Maina Kiai, Rasna Warah, Kegoro, Kwamchetsi, Padre Dolan na wenzao. Yaani ulikuwa msimu ambao mwandishi wa safu hana pa kukaa.

Halafu BBI, ule mpango wa Building Bridges. Uhuru na Raila walitaka kubadilisha katiba, nani alisimama? Kesi yenyewe ina jina lake, David Ndii na wenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Mahakama Kuu ikaizima tarehe 13 Mei 2021, Rufaa ikakubaliana nayo tarehe 20 Agosti, Mahakama ya Juu ikamaliza kazi tarehe 31 Machi 2022 ikasema Rais hawezi kuanzisha mageuzi kwa kupitia njia ya wananchi. Bila hao watu leo tungekuwa na katiba nyingine. Mtu aliyesema nchi ivunjike ndiye aliyeenda kuilinda katiba yake. Si hiyo inatosha?

Na nyinyi wa Pwani msisahau, Ruto siku anaapishwa Septemba 2022 alitangaza kazi za kuondosha mizigo bandarini zirudi Mombasa. Hiyo SGR mliyokuwa mnalia nayo, mshauri wake wa uchumi ni nani?

#7 Mleta uzi, Likoni

Ndugu wa Thika nashukuru, na hilo la BBI nakupa mikono miwili. Kwangu ile ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizofanya, kuliko hata ile safu. Na sioni mgongano unaouona wewe. Mtu anayesema nchi ni mkataba, mkataba ukivunjwa tuachane, ndiye huyohuyo atakayekwenda kortini kusema msibadilishe mkataba kinyemela. Ni fikra moja. Majaji watano wa Mahakama Kuu walisema kuna misingi ya katiba ambayo haiguswi mpaka wananchi wenyewe wakae upya kama waanzilishi. Mahakama ya Juu baadaye ikakataa kwamba Kenya ina hiyo kanuni, lakini mjadala ulikuwa wa maana, na ulihusu swali lilelile la 2016, yaani nchi hii ni ya nani na nani ana haki ya kuifumua.

La mizigo pia ni kweli. Amri ya kulazimisha makontena yapande SGR hadi Embakasi ilitumaliza. Mimi nimeona kwa macho yangu barabara ya Changamwe hadi Jomvu, gereji, maduka ya spea, vibanda vya chakula vya madereva, vikifungwa kimoja baada ya kingine. Mama aliyekuwa anapika sufuria mbili za pilau mchana alibaki na kibirika cha chai. Tangazo la 2022 lilileta nafuu na mwenye kusema halikuleta anadanganya.

Lakini sasa ndugu yangu tazama hii orodha. Novemba na Desemba 2017, ni nani walisimama wakasema nchi igawanyike? Ndii. Joho. Kingi. Leo wako wapi? Ndii baada ya uchaguzi wa 2022 akawa mwenyekiti wa baraza la washauri wa uchumi wa Rais. Kingi ni Spika wa Seneti tangu mwaka huohuo. Joho akawa waziri wa madini na uchumi wa bahari Agosti 2024. Wote watatu serikali moja. Watu waliotangaza kwamba meza imevunjika ndio walioketi kwenye hiyo meza.

Sisemi mtu asifanye kazi serikalini. Nchi yataka watu wenye akili na Ndii akili anayo. Nasema hivi, ukishaandika kwamba jamii fulani zinaonewa kiasi kwamba zina haki ya kuondoka, halafu ukapata sahani ya maamuzi, basi tunakudai jibu. Je bado zinaonewa? Kama la, nini kimebadilika? Kama ndiyo, unafanya nini? Juni 2024 vijana walipojaa barabarani kwa ajili ya Mswada wa Fedha, mpaka wakaingia Bungeni tarehe 25 na Rais akaurudisha kesho yake, Ndii alikuwa upande wa kuutetea uchumi wa serikali na kuwajibu vijana mtandaoni, na kwa maneno makali. Kijana wa 2024 aliyekuwa anauliza pesa za mkopo zimeenda wapi alikuwa anauliza swali la Ndii wa 2014, neno kwa neno.

#8 Mchangiaji, Majengo Mombasa

Kaka mleta uzi wacha nami niseme, mimi ni wale vijana wa maskani. Ile safu yake ilipotoka hapa kwetu gazeti lilikuja moja tu, la mzee mmoja mwalimu mstaafu. Jumamosi baada ya Alasiri akakaa barazani miwani imefungwa na uzi upande mmoja, akaisoma Kiingereza aya moja halafu anaitafsiri, vijana kama ishirini tumejaa hadi kwenye ngazi, kahawa inazunguka. Alipomaliza alikunja gazeti akasema haya mambo Ronald Ngala aliyasema kabla hamjazaliwa, akaanza kutupa historia ya chama chake Ngala cha KADU na majimbo, jinsi KADU ilivyojivunja Novemba 1964 na majimbo yakafa nayo. Tukakaa hadi Magharibi.

Mimi sikuwa najua Ngala ni nani zaidi ya jina la barabara. Kwa hiyo hata kama Ndii leo yuko huko aliko, ile siku kwangu ina faida ambayo haiondoki.

Ila pia nilijiuliza kitu. Mbona yule mzee mwenyewe hakuwahi kuandika? Anajua kuliko safu yoyote. Anayo hadi kopi ya ile Sessional Paper namba 10 ya 1965, waraka wa sera wa serikali, ile iliyosema pesa za maendeleo ziende kwanza kwenye sehemu zenye ardhi nzuri, mvua na barabara, na ameipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Hakuna gazeti lililowahi kumtafuta.

#9 Mchangiaji, Kisumu

Hapo Majengo umegusa. Na mleta uzi sasa nakuelewa zaidi. Ila bado nasema lawama zako zote ziko kwa mwandishi, na wanasiasa waliomtumia? Pia serikali za kaunti. Tulipewa ugatuzi, kaunti 47, kifungu cha 203 kinasema angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Mgao ulikuwa bilioni 370, ukafika bilioni 385 mwaka wa fedha 2023/24. Magavana wetu wamefanya nini nazo? Hospitali ya kaunti yetu ukienda unaambiwa ukanunue glavu. Hata tungejitenga 2017 wangetutawala haohao.

#10 Mleta uzi, Likoni

Ndugu wa Kisumu hilo la magavana ni kweli tupu na ndo hoja kali zaidi dhidi ya kujitenga kuliko zote nilizowahi kusikia, na haikuwahi kujibiwa 2017. Bendera mpya na wizi wa zamani. Kama kungekuwa na mwandishi wa safu anayetetea kujitenga kwa uaminifu angeanza na hilo, aandike ukurasa mzima aeleze Pwani huru ingemzuia vipi gavana wake mwenyewe asile. Sijawahi kuusoma huo ukurasa kutoka kwa yeyote.

Lakini ugatuzi haukugusa lile kubwa la huku, ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa mwambao wajitokeze waandikishe madai yao, asiyeandikisha ardhi ikawa ya serikali, na Wamijikenda wengi waliachwa nje na ndo wakaanza kuitwa maskwota kwenye makaburi ya babu zao. Kaunti haina mamlaka hayo. Tazameni shamba la Waitiki hapa Likoni, ekari 930. Januari 2016 Rais Uhuru akaja akagawa hati, tukashangilia, halafu watu wakaambiwa kila mmoja alipe shilingi 182,000 kwa kiwanja alichokuwa amekaa miaka. Hiyo ni miezi miwili kabla ya makala ya talaka. Mzee anayeuza madafu feri atatoa wapi 182,000? Na ile safu ya Machi ilipotoka, kwetu watu waliisoma na hiyo barua ya malipo iko juu ya kabati.

Hiyo ndo sababu sikubali mtu aniambie swali lile lilikuwa la Ndii na Ndii akiingia Ikulu basi limekwisha. Yeye alilipa ukurasa. Lilikuwa letu kabla yake, la NFD kabla yetu, na mwenye kulijibu hajapatikana.

Yule mzee wa Majengo, kijana wetu, mfuate. Mrekodi kwa simu, aongee Kiswahili chake, usimkatize, tutaandika sisi. Akikubali mimi nitakuja na daftari, na ile Sessional Paper yenye wino mwekundu tuipige picha kurasa zote kabla mchwa hawajaiona. Ndugu wa Garissa kama mzee wako bado yupo na anakumbuka vibali vya enzi hizo naomba tuwasiliane kwa inbox. Na yeyote mwenye nakala za safu za Ndii za 2014 na 2015 zile za Eurobond na reli, aziweke hapa, natafuta kuzitafsiri zote kwa Kiswahili.